Dumu Lisilopungua

Pilipili boga ikishikwa na ugonjwa ule hainyauki kama mmea wenye kiu. Mmea wenye kiu huanza kwa majani ya chini, hugeuka manjano, na ukiumwagilia jioni, asubuhi unaukuta umesimama. Huu hulala ukiwa bado kijani. Mchana majani ya juu yanainama kama mtu aliyepitiwa na usingizi barazani. Usiku yanainuka kidogo, mkulima anajipa moyo, na kesho yake yanainama tena. Baada ya siku chache mche mzima umejikunja papo hapo ulipo, na matunda madogo bado yananing'inia.

Mama yangu mdogo, anayelima Fumba, alipoteza msimu mzima hivyo, kisha na wa pili. Pilipili boga ndizo zile zinazoitwa hoho kule Bara, za kukatia kachumbari na kupikia mchuzi. Kwetu hoho ni ile kali, na kuchanganya majina haya mawili sokoni Darajani kunaweza kukupa chakula cha usiku usichokitarajia.

Mche wa kwanza niliouona ukipimwa ulipimwa jikoni kwangu. Naishi Michenzani, ghorofa ya tatu, na jirani yangu wa mlango wa pili ni mtaalamu wa maradhi ya mimea katika kituo kimoja cha utafiti. Mama mdogo alikuja mjini na mche umefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa, akaulaza juu ya meza yangu kama mtu aliyeleta mgonjwa. Nikamgongea jirani. Alikuja na kanga begani na unga wa chapati mikononi, akaomba kisu na gilasi ya maji safi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. We ndo daktari wa pilipili?"

"Ndo mie. Naambiwa mgonjwa kaja mwenyewe kwa gari."

Alilikata shina karibu na mizizi, akalishika kwa juu ili sehemu iliyokatwa iguse maji, akatulia. Sote tukatulia. Haukupita muda, uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, mwembamba, ukijipinda kama moshi wa udi, ila huu ulikwenda chini.

"Hao hapo," jirani akasema. "Ni bakteria. Wamo udongoni, wanaingia kwa mizizi, wanaziba njia za maji ndani ya shina. Mche unakufa kwa kiu na ardhi imelowa."

Mama mdogo aliitazama gilasi kwa muda. "Dawa yake?"

"Ya kuponya haipo. Wakishaingia, washaingia."

"Basi hiyo gilasi," mama mdogo akanigeukia, "usije ukanitilia chai."

Nimefanya kazi ya habari za redio miaka mingi, na kazi hiyo imenizoesha kutafuta ni nani hasa atakayeumia jambo likiharibika. Hapa jibu halikuwa mbali. Shamba lile lilikuwa la babu. Mama yangu alifariki kabla ya babu, kwa hivyo kwa sheria ya mirathi warithi walibaki wawili tu: mama mdogo na kaka yake, mjomba wangu, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini. Mimi sikuwa na fungu pale. Nilikuwa mtazamaji.

Mirathi haikuwahi kugawanywa. Mama mdogo alilima shamba lote kwa ridhaa ya kaka yake, akianza na muhogo na njugu mawe. Zamani alikuwa na mwani pia, lakini maji ya pwani yalipozidi kuwa ya moto na mwani ukawa unaoza kambani, aliuacha, akaingia kwenye pilipili boga kwa sababu mahoteli hayana siku yasiyozitaka. Wakati huohuo nyumba mpya zilikuwa zinapanda upande ule wa Fumba, na watu wakawa wanaulizia ardhi. Mmoja wao, bwana aliyetaka kujenga, alimwendea mjomba.

Mjomba si mtu mbaya. Alisema tu kwamba shamba linaloua kila kinachopandwa ni afadhali liwe nyumba ya mtu. Siku ya hitima ya kila mwaka ya babu, watu walipokwisha kula na kutawanyika, wawili hao walibaki kwenye mkeka na mimi nikiwa pembeni nakusanya sinia.

"Msimu huu mmoja," mjomba alisema. "Pilipili zikifika sokoni, sisemi kitu tena. Zikifa, tunauza lote, kila mtu anachukua chake."

"Na hicho changu ntakila kwa muda gani, kaka?"

"Utakila taratibu."

"Nna meno yote mie."

Mjomba alicheka, naye mama mdogo akacheka, lakini makubaliano yakabaki vilevile. Mama mdogo ni mjane, watoto wake wako Muscat na Tanga, na shamba ndilo linalomtoa nyumbani asubuhi. Bila hilo angebaki kukaa barazani kusubiri simu zao. Aliniambia hivyo alipokuwa ananisindikiza njiani, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya samaki.

Jirani yangu alikuwa na kitu anachokijaribu. Mara kadhaa nilimtembelea maabara, chumba kidogo chenye mashine inayotikisa chupa mchana kutwa na harufu inayofanana na muhogo uliolowekwa. Alinieleza walikoanzia. Katika mashamba yaliyokufa, huwa kuna mche mmoja au miwili inayobaki imesimama. Walikuwa wanachukua udongo ulioganda kwenye mizizi ya mche wa namna hiyo, wanawatenga bakteria waliomo, kisha wanaangalia yupi kati yao anayewazuia wale wa mnyauko wasikue. Waliopita mtihani huo walilishwa kwenye chupa zile zinazotikiswa, kwa uji mwepesi wenye sukari, mpaka wazaane na kutoa vitu vyao. Halafu bakteria wenyewe wanachujwa. Kinachotumika ni maji yanayobaki, yenye rangi ya chai ya rangi.

"Kwa nini msimwage bakteria wenyewe shambani?" nilimuuliza. Maswali ya kijinga ni bora kuyauliza mapema.

"Tumejaribu. Udongo wa huku juu ya mwamba hauwapokei wote. Wengine wanakufa, wengine wanashindwa na wenyeji. Lakini vile walivyovitoa naweza kuvipima, najua natia kiasi gani. Vingine vinamzuia adui. Vingine vinauamsha mche, unajihami kabla hajafika."

"Na akishafika?"

"Nshasema. Akishafika, basi."

Alihitaji shamba la mkulima lenye ugonjwa wa kweli, na mama mdogo alikuwa nalo. Tulikwenda sote wawili kwa vespa yangu, yeye nyuma na dumu la manjano mapajani, dumu la kawaida la mafuta ya kupikia. Masika yalikuwa yameanza kulegea. Miche ilikuwa imekwisha kutolewa kwenye kitalu na kupandwa.

Shamba limeinama kidogo. Juu kuna njia na kisima. Chini kuna vichaka, na ukivipita unaingia kwenye mikoko. Udongo mwekundu umekaa kwenye mifuko ya mwamba, na mama mdogo ameuziba kwa mawe hapa na pale, hata mistari ikawa inakwenda sawa kuliko vile ungetegemea mahali kama pale. Jirani alitembea na vipande vya kanga kuukuu, akavifunga kwenye vijiti mwanzo wa mistari minne, miwili juu na miwili chini.

"Hii yenye vitambaa haipewi dawa," alisema. "Ipe maji matupu."

"Imekosa nini?"

"Haijakosa kitu, mama. Bila hiyo hatutajua kama ni dawa iliyofanya kazi au zimepona zenyewe kwa kudra ya Mungu."

"Na we unataka kumchunguza Mungu kwa vitambaa?"

"Astaghfirullah," jirani akasema akicheka. "Najichunguza mwenyewe."

Mama mdogo aliinama akaugusa mche wa kwanza wa mstari wenye kitambaa. "Haya, watoto wa kambo. Mmesikia wenyewe, si mie niliyesema."

Kuanzia siku hiyo mistari ile ikaitwa watoto wa kambo, hata kwenye maandishi ya jirani yangu, mpaka mkubwa wake wa kazi alipomtaka afute.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kikombe kimoja cha dawa kutoka kwenye dumu kinatiwa kwenye ndoo ya maji, yanakorogwa, kila mche unamwagiwa kidogo kwenye shina. Ndoo ikiisha, kikombe kingine. Dumu limepimwa liishe kwenye mstari wa mwisho kule chini. Baada ya wiki mbili tungeleta dumu jipya, na hivyo mpaka zitoe matunda.

Nilikuwa nakwenda karibu kila mara, kwanza kwa sababu vespa ni yangu, pili kwa sababu mama mdogo hupika pweza wa nazi siku ya kazi. Mambo yalikwenda vizuri upande wa juu. Miche ilinenepa shina, ikatoa maua meupe, na ule mwinamo wa saa sita mchana haukuonekana, isipokuwa kwa watoto wa kambo. Mistari yenye vitambaa kule juu ilianza kulala mmoja baada ya mwingine, katikati ya majirani wake waliosimama. Jirani alifurahi kwa namna ya watu wa kazi yake: aliinama, akapiga picha, akakata mche uliolala na kuutia kwenye chupa ya maji, akaona uzi mweupe, akaguna.

Chini hali ilikuwa tofauti. Chini ililala mistari yenye dawa na isiyo na dawa, bila ubaguzi.

"Labda ni maji," jirani alisema. "Mvua inateremsha ugonjwa kutoka juu. Huku chini wanakusanyika wengi zaidi, dawa inazidiwa."

Yalikuwa maelezo mazuri na huenda yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini alikuwa na swali jingine lililomsumbua, akaniuliza tukiwa njiani kurudi, akipiga kelele ili nimsikie juu ya mlio wa vespa.

"Kila nikimuuliza kama dawa imetosha, anasema imebaki! Inabakije?"

Hilo nami nilikuwa nimelisikia. Kila tukifika, dumu la awali lilikuwa kwenye pembe ya ukumbi, limejaa karibu na shingo, na mama mdogo alikuwa anasema, "Imebaki, alhamdulillahi, nimempa na yule mwenye nyanya hapo nyuma, na bado imebaki." Nilidhani anaweka kidogo kidogo kwa ubahili. Nikaamua safari ijayo nisikae jikoni kusubiri pweza, nimfuate mistarini mwanzo hadi mwisho.

Nilimfuata. Alianza juu, karibu na kisima, kama alivyoanza siku zote, kwa Bismillahi. Akamimina kikombe kutoka dumu jipya: rangi ya chai. Akakitia kwenye ndoo. Kisha, kabla hajainua ndoo, alichota maji ya kisima kwa kikombe kilekile akayatia ndani ya dumu, akalitikisa, akafunga kifuniko. Alifanya hivyo bila kunificha, kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake. Ndoo ikaisha, akamimina kikombe, akaongeza kikombe. Tulipofika katikati ya shamba chai ilikuwa imepauka. Tulipofika mistari ya chini, kilichokuwa kinatoka kwenye dumu kilikuwa na rangi ya maji ya kunawia mikono baada ya kula wali. Dumu lilikuwa limejaa.

"Mama mdogo," nikasema, "mbona unaongeza maji?"

"Lisije likaisha."

"Lakini si limepimwa liishe?"

Alinitazama kama nimesema neno lisilofaa. "Kitu cha kheri unakiacha kikauke? Mamako hakukufundisha?"

Mama alinifundisha. Kwenye kabati letu la vyombo, nyuma ya birika la wageni, kulikuwa na chupa ya maji ya Zamzam aliyoletewa na mwanamke mmoja wa mtaani aliyerudi hija. Tulipewa tukiumwa, kijiko kimoja, tukielekea kibla. Na mama hakuiacha chupa ile ifike chini. Ikipungua kufikia mabegani, aliijaza kwa maji safi aliyoyachemsha na kuyapoza, kwa Bismillahi, na yale ya mwanzo yakayachukua yale mapya. Nyumba nyingi nilizoingia utotoni zilikuwa na chupa kama hiyo, na zote zilikuwa zimejaa. Mwanamke yule wa hija alifariki, mtaa ukabadilika, mama naye akafariki, na chupa iko kwangu Michenzani sasa, imejaa. Sijawahi kufikiri kuna hesabu yoyote ya kufanya pale. Na sidhani kuna hesabu: ile ni baraka, haipimwi kwa kikombe.

Jirani alikuwa juu kisimani anaosha mikono. Nikamwita. Mama mdogo alimweleza mwenyewe, kwa fahari kidogo, namna alivyoitunza dawa isipungue. Jirani alisikiliza mpaka mwisho, akakaa juu ya jiwe.

"Kama Zamzam," akasema.

"Sisemi ni maji ya Makka," mama mdogo akajibu. "Mie si mjinga. Lakini we mwenyewe ulinambia kuna vidudu vizuri vimetoka kwenye udongo vikafanya kazi ndani ya hayo maji. Nikasema basi vitafanya na haya. Kama mtindi. Si unabakisha kijiko, unatia maziwa mapya, kesho yote mtindi?"

Jirani alifunika uso kwa mikono yote miwili, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, ila kicheko chake hakikuwa na furaha nyingi.

"Mtindi una vidudu ndani, mama, ndo maana unaongezeka. Humu vidudu nshavichuja. Havimo. Hii ni supu tu, nyama ishatolewa. Ukitia maji kwenye supu, inakuwa nini?"

"Inakuwa maji," mama mdogo akasema.

"Ndo hivyo. Nami sikukwambia. Nilikwambia tia kikombe kwenye ndoo, sikukwambia usitie kitu kwenye dumu. Mamangu mwenyewe ana chupa ya Zamzam kabatini tangu sijazaliwa. Ningelifikiri hilo."

Mama mdogo aligeuka akaitazama mistari ya chini, iliyolala kwenye jua, na mimi nikamwona anapiga hesabu ile ambayo jirani alikuwa ameshaipiga. Kila mzunguko alikuwa ameanza juu. Kila mzunguko, kilichofika chini kilikuwa maji ya kisima kuliko dawa.

"Nikizipa sasa kali-kali? Dumu zima?"

"Hizo zimeshaingiwa. Dawa haitoziponya."

"Na za katikati?"

"Za katikati tutaona. Hizo zipe leo, na usiongeze hata tone."

Tuling'oa miche iliyolala siku hiyohiyo, sote watatu, tukaipeleka mbali na shamba na kuichoma. Haikuwaka vizuri kwa sababu ilikuwa bado kijani. Pweza aliungua jikoni, tukamla hivyohivyo.

Mjomba alikuja Ijumaa moja, baada ya sala, na kanzu yake nyeupe na viatu vya mjini, mahoteli yakiwa yameanza kujaa wageni na pilipili za juu zimeshaanza kuchumwa. Nilikuwa nimemchukua mimi. Aliniuliza njiani kama zimekufa, nikamjibu kuwa aone mwenyewe. Sikutaka kusema kwa niaba ya mtu yeyote.

Alisimama karibu na kisima akatazama. Juu, matuta yalikuwa yamejaa, matunda mazito yenye ngozi inayong'aa, mengine mpaka yameinamisha matawi. Ndani yake mistari miwili ya watoto wa kambo ilikuwa mapengo matupu, na vitambaa vya kanga bado vikipepea vijitini. Katikati kulikuwa na mchanganyiko, mche huu mzima, ule umeanguka. Chini kulikuwa na udongo mwekundu na mawe.

"Sasa hii," mjomba akasema, "tuseme zimefika sokoni au zimekufa?"

"Za juu zimefika," mama mdogo akajibu. "Nimepeleka jana hotelini na asubuhi Darajani."

"Za chini?"

"Za chini zimekufa. Kwa makosa yangu. Nilitia maji kwenye dawa."

Alimweleza yote, bila kupunguza. Mjomba alisikiliza akiwa amekunja mikono nyuma. Alipofika kwenye Zamzam, mjomba alikohoa kuzuia kicheko, akashindwa.

"Wewe tangu mdogo," alisema. "Ulikuwa unatia maji kwenye sharubati ya Idi, upate kunywa mpaka mwezi mzima wa mfungo mosi uishe."

"Na we ulikuwa unaiba ya kwangu, maana yako ushaimaliza siku ya kwanza."

Walitembea pamoja kuteremka, nami nikabaki nyuma yao hatua chache. Mjomba alichuma pilipili moja, akaipindua mkononi, akainusa. Walipofika pale ambapo kijani kinaishia na mapengo yanazidi, alisimama. Alitazama juu, akatazama chini, akawa kama anayepima kitambaa kwa macho.

"Kwa sheria," alisema polepole, "mafungu ni matatu. Mawili yangu, moja lako."

"Najua sheria."

"Hapa tulipo ni wapi?"

Mama mdogo aligeuka akatazama kisima kule juu. Alijua, na mimi nilijua, kwa sababu nimezoea kukadiria umbali kwa macho. Kutoka kisimani mpaka pale hapakufika nusu ya shamba. Palizidi kidogo theluthi.

"Pamezidi fungu langu," akasema.

"Pamezidi kidogo. Chukua na hicho kidogo. Mie nichukue hilo lililokufa, nimpe yule bwana ajenge. Nyumba haishikwi na mnyauko." Aliitia ile pilipili kwenye mfuko wa kanzu. "Mungu kakuchorea mpaka kabla ya kadhi."

Nilimtazama mama mdogo nijue kama amefurahi au ameumia. Alichosema ni: "Na kisima?"

"Kisima kiko kwako."

"Na njia?"

"Njia ya wote."

"Basi andika," aliniambia mimi, "we si mtu wa habari." Sikuandika pale pale. Baadaye walikwenda kwa kadhi wakagawana kwa utaratibu unaotakiwa, na mambo yakawa kama yalivyosemwa shambani siku ile.

Jirani yangu hakuweza kuliweka shamba lile kwenye ripoti yake. Aliniambia jaribio ambalo dawa yake ilibadilika nguvu kila hatua haliwezi kusimama mbele ya wenzake, na pia hakujua ni sehemu gani ya vifo vya chini iliyotokana na dawa dhaifu na ipi iliyotokana na mteremko wa mvua. Aliandika kwamba jaribio limeharibika na kwamba maelezo kwa wakulima yanatakiwa yaandikwe upya. Lakini niliona kwamba picha za upande wa juu, mistari iliyosimama na watoto wa kambo waliolala katikati yake, alizibandika ukutani juu ya ile mashine inayotikisa chupa.

Sasa chini ya shamba kuna ukuta wa matofali, na nyuma yake nyumba ambayo haijaezekwa. Mafundi huja kisimani kuomba maji, na mama mdogo huwapa, akiwasema kwa kukanyaga matuta. Shamba lililobaki ni dogo, na analilima mwenyewe bila kumwajiri mtu. Dawa ya jirani, ambayo bado nampelekea, akishaimaliza, hulipindua dumu juu ya ndoo na kuliacha hivyo mpaka lichuruze lote. Mara ya mwisho nilipotaka kuliinua aliniambia nisubiri, bado kuna tone.

Msimu huu jirani alirudi kuomba ajaribu upya, safari hii kwa maelezo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Alikuja na vitambaa vyake.

"Mistari miwili ya kambo, mama."

"Kwenye kishamba hiki? Mmoja."

"Mmoja hautoshi kulinganisha."

"Mmoja na nusu."

"Nusu nitaifanyia nini?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mama mdogo alikubali miwili, kwa sharti kwamba aichague yeye. Alivichukua vile vitambaa, akateremka mpaka mwisho wa matuta, akavifunga kwenye mistari miwili inayogusa ukuta wa nyumba mpya. Jirani alimfuata akalalamika kwamba yote miwili iko mahali pamoja, kwamba ukuta utaitia kivuli, kwamba safari hii pia ripoti itaharibika.

"Hapa ndo pao," mama mdogo akasema, akikaza fundo. "Watoto wa kambo wakae karibu na fungu la mjomba wao."

Jirani aliniangalia mimi nimsaidie. Nikaenda kuchota maji.